Saa za Kumngoja Kulthum

Mengo, Kampala
9 Februari 2025

Mdogo wangu Kulthum,

Assalaam alaykum. Naomba radhi kwa kimya changu cha tangu mwezi wa Julai. Sikuwa mgonjwa, sikuwa safarini, wala kompyuta haikuharibika. Nilikuwa nimekasirika. Uliniandikia kwamba uzee umenifanya mkali kuliko marehemu bibi, nami nikaona kwamba nikikujibu papo hapo nitakuthibitishia. Sasa hasira imekwisha. Nimefikiri sana, nimeona bibi alinizidi kidogo.

Huku hatujambo. Jua ni kali na vumbi limeingia hadi ndani ya misahafu. Jumamosi bado nafundisha watoto. Wanne wamehitimu mwaka huu, watatu kwa huruma yangu. Abubaker, yule wa ghala la nafaka kule Port Bell, tulikutana msikitini akakuulizia. Nilimwambia uko mbali. Akasema hilo analijua.

Ninalotaka kukuandikia ni habari ya Dada Rumaisa. Ametimiza miaka themanini na minne, na mwezi uliopita moyo ulimsumbua. Tulimpeleka hospitali. Daktari alisema moyo umechoka na wala hauna spea, turudi naye nyumbani akae na watu wake. Yupo Kawempe, katika nyumba yake ileile. Anaangaliwa na Kavugho, mama wa Kikongo kutoka Butembo aliyepanga chumba cha nyuma. Hajambo. Anakula. Zaidi ya hayo sina la kuongeza.

Unajua desturi yetu. Mungu akichukua kilicho chake, tunaosha, tunakafini, tunaswali na kuzika siku hiyohiyo. Na kwa kuwa wewe hutakuja yeye angali hai, kwa sababu ambayo sote wawili tunaijua na ambayo sitaiandika, imenibidi nizifikirie saa zako. Nimeketi mbele ya kompyuta, nimetazama. Umbali wa anga kati ya Entebbe na Edmonton unazidi kidogo kilomita elfu kumi na tatu. Ndege huenda kilomita mia tisa kwa saa. Ukigawanya, hazitimii saa kumi na tano.

Basi nimeamua kukupa saa kumi na tano kamili, tangu nikupigie simu. Hii ni hisani ambayo sijawahi kumfanyia mtu yeyote, hata mtoto wa marehemu mjomba aliyekuwa Nairobi tu. Saa ya kumi na sita tutaswali, uwepo usiwepo. Kwa hiyo weka begi karibu na mlango.

Nakuombea afya njema.

Kaka yako,
Tajudin


Edmonton
27 Februari 2025

Kaka Tajudin,

Waalaykum salaam warahmatullah. Radhi nimekupa. Na ile habari ya bibi naifuta: bibi alikuwa akicheka.

Hapa theluji imefika dirishani. Jana nilitoka kutupa takataka, kope zikaganda, nikarudi ndani nikipapasa ukuta. Kazini kwangu hakuna jipya. Bado napika katika nyumba ya wazee, na wazee bado wamekatazwa chumvi, sukari, mafuta na kila kitu kinachomfanya mtu atake kuiona kesho. Mimi huwatilia chumvi kwa siri. Ndiyo maana wananipenda, na ndiyo maana pengine wanakufa, lakini wanakufa wameshiba.

Saa zako kumi na tano nilimsomea Nelima, mwenzangu wa jikoni, mtu wa Mbale. Tulicheka hadi supu ikashika chini. Kaka, mimi si risasi. Hakuna ndege inayotoka Edmonton ikaelekeza pua Entebbe. Kwanza nipate kiti. Kisha ndege ioshwe kwa dawa ya moto ili barafu itoke mabawani, na huiosha kwa subira kuliko sisi tunavyoosha maiti. Kisha Amsterdam, nikae nusu ya siku nikitazama watu wakinunua jibini. Kisha Kigali, ambako hatushuki, tunakaa vitini kama mahabusu wakati wengine wanateremka na kuku wao wa kukaanga. Kisha Entebbe, foleni, mizigo, na mwisho barabara ya Kawempe, ambayo unajua vizuri inaweza kushindana na njia yote iliyotangulia. Hizo ni saa thelathini, wote wakiwa wameamka vizuri. Naomba siku mbili. Hospitali zina chumba cha baridi.

Na sababu unayoona haya kuiandika nitaiandika mimi, maana mwenyewe ndiye mimi. Miaka ishirini na mitano iliyopita, siku watu wa Abubaker walipoleta posa na Dada amepika pilau ya watu sitini, bibi harusi mtarajiwa alikuwa Entebbe na tiketi mkononi. Dada akasimama mbele ya wageni akaapa wallahi kwamba mguu wangu hautaingia nyumbani kwake maadamu anapumua. Vyema. Mimi ni mtii. Nitaingia akiacha kupumua. Naomba tu unipe nafasi ya kumtii kwa wakati.

Sasa niambie ukweli. Anakula nini? Anakula kiasi gani? “Hajambo, anakula” si habari. Wazee wangu wote hapa wanakula, na kila mwezi tunapunguza sahani mezani.

Mdogo wako,
Kulthum


Mengo
6 Aprili 2025

Mdogo wangu Kulthum,

Assalaam alaykum, na Idi njema, ingawa imepita. Sikukujibu ndani ya Ramadhani kwa sababu barua yako ingenitoa maneno ya kuniharibia saumu.

Mvua zimeanza. Ukuta wa madrasa umelowa na mmoja wa wale wahitimu wangu ameajiriwa kuwafundisha wengine, kwa hiyo iombee dini.

Kuhusu chumba cha baridi, jibu ni hapana, na lisirudi tena. Nimemuuliza mtu aliyepanda ndege mara nyingi, naye amenithibitishia habari ya saa thelathini, hata akaziongeza. Nakubali kwamba nilipima anga nikasahau viwanja. Lakini saa thelathini siwezi kumweka dada yangu juu ya bamba la chuma. Zile kumi na tano zilikuwa tayari zimenitia wasiwasi. Basi ujue: simu yangu ya msiba ikikufikia, hutafika. Usikimbilie begi. Kaa ulipo usome Yasini.

Sasa nikueleze lililotokea, nami nalieleza lilivyo.

Hujasahau kwamba nyumbani kwetu barua itokayo ng'ambo husomwa mbele ya aliye mkubwa. Baba alifanya hivyo, na mimi siwezi kuwa wa kwanza kuacha. Nilichapisha barua yako, nikaenda Kawempe nikiwa na nia ya kusoma salamu tu. Dada alikuwa ameegemea mito, Kavugho anamkanda miguu.

“Kulthum anasemaje?”

“Anakusalimu.”

Neno la kumsalimu hukuandika. Hilo nililitia mwenyewe.

“Na kisha?”

“Theluji ni nyingi.”

“Na kisha?”

“Anawaibia wazee chumvi.”

“Anawaibia, au anawatilia?”

“Anawatilia.”

“Hilo zuri. Na kisha?”

Nikaanza kuikunja karatasi. Dada akainyooshea kidole. “Tajudin, naona wino umejaa juu mpaka chini, nawe umesoma maneno ya kwenye kadi ya Idi. Kuna nini humo? Ameolewa?”

Wewe wanijua. Sikuwahi kumdanganya Dada tangu nilipokuwa na miaka saba, na ile mara moja alinichapa kwa mwiko. Nikaisoma yote. Nilipofika kwenye chumba cha baridi Kavugho aliacha miguu ya Dada, akatoka nje, tukamsikia anacheka ukutani. Dada hakucheka.

“Siku mbili kwenye barafu! Mimi, ambaye sijanywa hata soda ya friji!”

Akafumba macho. Nilidhani ni moyo, nikamshika mkono. Akauondoa.

“Kwa hiyo atapanda madege yote hayo kuja kumtazama mtu asiyeweza kumjibu.”

“Ndivyo anavyosema.”

“Aingie chumbani kwangu, aseme aliyokuja nayo yote, alie, apumue, na mimi nimelala kimya nina pamba puani?”

“Pamba, dada, huwekwa baada ya...”

“Nyamaza, mwalimu. Nakataa. Miaka yote hii nimetayarisha maneno ya kumwambia yule msichana. Nimeyapanga, nimeyapunguza, mengine nimeyatoa kwa sababu yalikuwa makali mno. Sasa yeye apange kufika nikiwa nimefungwa kidevu? Ujanja huo ameusomea wapi?”

Nikaona ndio wakati wa kumkumbusha sheria. Nilimwambia kwamba kiapo cha namna ile kina kafara: aliyeapa akiona heri katika kukivunja, hulisha masikini kumi, na mlango hufunguka. Alinitazama kana kwamba nimemletea habari ya jana. Akasema hilo analijua tangu siku ile alipoapa, wageni hawajanawa mikono, lakini kiapo ni kizuri na amekizoea. Atafikiri.

Umeniuliza anakula nini. Asubuhi uji, nusu kikombe. Mchana ndizi mbili, moja humpa paka. Usiku chai. Uliutaka ukweli, na huo ndio ukweli.

Kaka yako,
Tajudin


Edmonton
19 Aprili 2025

Kaka Tajudin,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, theluji imeanza kuyeyuka, viatu vyote vimelowa. Nelima anakusalimu.

Uliisoma yote? Hata barafu? Kaka, umri huo wote hujajifunza kuruka mstari! Mahatibu wanaruka, wasomaji wa taarifa ya habari wanaruka, wewe peke yako ndiye unayesoma kilichoandikwa.

Mwambie Dada asilishe mtu yeyote. Kiapo kikae. Mchele ni ghali, na mwenyewe anakula ndizi moja. Mwambie nimesema nakiheshimu.

Nawe usinielewe vibaya. Sikumkataa Abubaker. Hata simkumbuki vizuri, nakumbuka kofia. Nilikataa kuposwa kama mtu ambaye hayupo. Walikaa sebuleni wakajadili mahari, samani na mwezi wa harusi, na mimi nilipita mara tatu na sinia la maji, hakuna hata mmoja aliyeinua uso. Basi nikaona nisiwapinge. Nikahakikisha kweli sipo.

Hayo naweza kumwambia maiti. Naweza kumwambia kwa adabu, nikae kando ya kichwa chake, niseme yote na nisikatizwe. Akiwa hai atanikatiza kwenye neno la pili. Ataniuliza mbona nimekonda. Ataniuliza mbona sikuolewa na mwingine, basi, ikiwa tatizo lilikuwa huyo. Kaka, mimi nina miaka sitini, nimeshikwa na polisi wa uhamiaji mara moja na nimeendesha gari juu ya ziwa lililoganda, na bado siwezi kusimama mbele ya mwanamke yule bila kujiangalia kama kucha ni safi.

Hukuniambia. Alicheka, hata mwishoni?

Kulthum


Mengo
25 Mei 2025

Mdogo wangu Kulthum,

Assalaam alaykum. Mahujaji wameanza kuondoka, na kila nyumba ya mtaa huu ina begi jeupe barazani. Mimi mzima, isipokuwa goti. Umeme umekuwa ukikatika, ndiyo sababu ya kuchelewa. Sababu ya pili utaiona.

Hakucheka. Lakini juma moja baada ya barua yako ya Aprili, ambayo pia niliisoma, pamoja na kofia, pamoja na kucha, Dada aliniita akasema, “Tafuta masikini.”

Nilimwuliza kama amefikiri vizuri. Akasema amefikiri. Kilichomkera si barafu tena, ni lile sinia. Alisema nikuandikie neno kwa neno: “Mimi niliinua uso. Alipopita mara ya tatu niliinua uso, yeye ndiye alikuwa ametazama sinia.” Hivyo ndivyo alivyosema. Mimi nilikuwepo siku ile lakini nilikuwa nakula, siwezi kushuhudia.

Kuhusu masikini, tuligombana. Kitabu kinataka kila masikini apewe kibaba cha nafaka mkononi mwake. Dada alitaka pilau. Nilimwambia pilau si kafara, ni karamu. Akaniambia kwamba yeye hakuapa mbele ya mchele mbichi. Mwishowe kila mmoja alipewa kibaba chake ndani ya mfuko, halafu akakaribishwa pilau juu yake, na kwa njia hiyo kitabu kilitulia na Dada pia. Kavugho ndiye aliyepika. Dada aliagiza kitanda chake kisogezwe mlangoni ili aongoze vitunguu kwa macho.

Tisa niliwapata mtaani kwa urahisi, jambo la kusikitisha. Wa kumi alikuja mwenyewe. Ni Abubaker. Ulipomwacha alikuwa na ghala. Maji ya ziwa yakaingia ghalani, wake nao wakatoka, mmoja baada ya mwingine, na sasa anapanga chumba nyuma ya soko la Kawempe na kushona magunia ya watu wengine. Nilipomwona uani nilitaka kumwambia kwa upole kwamba leo si siku nzuri. Akauliza, “Mwalimu, si mnatafuta masikini Mwislamu?” Kisheria alitimiza masharti yote. Akapokea kibaba, akanawa, akakaa, akala kwa adabu. Alipomaliza akasema kwa sauti ya kusikika ndani, “Ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi.”

“Ile ya kwanza nilikaanga mwenyewe!” Dada akajibu kutoka kitandani. “Na wewe ulikula sahani tatu baada ya kukataliwa!”

“Mama, ningefanyaje? Ilikuwa imeshapakuliwa.”

Hapo, Kulthum, ndipo alipocheka. Alicheka hadi Kavugho akamletea maji, na mimi nikaanza kuhesabu ni nani wa kumpigia simu.

Kulikuwa na mtu wa kumi na moja. Hippolyte, Mkongo mwenzake Kavugho, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, alisimama langoni akalia kwa sauti: “Muzee, miye niko masikini kupita hawa bote, unaniacha inje?” Nilimweleza kwamba yeye ni Mkristo na kafara hii ina masharti yake. Akasema, “Basi unipe ile pilau tu, masharti bakule bengine.” Dada akaamuru apewe. Hesabu yangu ni kumi. Hippolyte ameandikwa kwa Mungu kwenye ukurasa mwingine.

Dada aliniamuru nikuandikie haya, nami nayaandika bila kuyarekebisha.

Kwanza, kwamba usijifanye mtii, maana hukuwahi kumtii hata kuosha kikombe. Pili, usimletee zawadi ya koti. Na kwamba hajakusamehe. Nilimwambia siwezi kuandika jambo hilo bila maelezo. Akasema maelezo ni kwamba msamaha hautumwi kwa kompyuta, yeye hutoa mkononi kama kibaba, na asiyeleta mkono hapewi. Kisha akauliza ni kiwanja gani kile ambapo watu wananunua jibini, na kama wanaruhusu mwanamke kukaa peke yake humo nusu ya siku bila mtu wa kumletea chai.

Nilimwambia wanaruhusu. Hakupendezwa.

Baada ya karamu alilala siku mbili. Sasa anakula ndizi mbili, na paka amelalamika. Daktari alikuja, akasikiliza moyo, akasema ni uleule. Usijidanganye kwa habari ya ndizi.

Kiapo kimeondoka. Saa za maiti sitazijadili tena na wewe. Lililobaki ni saa thelathini za mtu mzima.

Kaka yako,
Tajudin


Edmonton
12 Juni 2025

Kaka Tajudin,

Waalaykum salaam, na Idi kubwa njema kwa wote, na kwa paka pole. Hapa jua halizami hadi saa nne usiku, kwa hiyo majirani wanakata nyasi wakati wa kulala, nami naswali Isha nikiwa nasinzia. Nelima amejifungua mjukuu, yaani aliyejifungua ni binti yake. Ameshangilia kana kwamba yeye ndiye aliyesukuma.

Barua yako nilisoma jikoni, nimesimama. Nilipofika kwenye sinia nikakaa juu ya ndoo ya viazi. Sikumbuki uso wa Dada siku ile. Nakumbuka glasi, zilikuwa za maua mekundu, na nilikuwa naogopa zisigongane. Huenda ni kweli. Inanichukiza kwamba huenda ni kweli, na kwamba nitalazimika kuja kubishana naye juu ya jambo ambalo shahidi wake pekee alikuwa anakula.

Nimeomba likizo. Bosi aliniuliza ni msiba? Nikasema bado. Akaniuliza sasa kuna nini? Nikamwambia dada yangu ana maneno ya kuniambia, na mengine ameshayapunguza. Akatia sahihi.

Jana nilikwenda kwenye duka la tiketi la dada mmoja Msomali, kwa sababu mtandaoni nilibonyeza vibaya nikajikuta naenda Reykjavik. Nafasi ya Jumatano ijayo imeshikwa kwa jina langu. Mwambie Dada leo hii, kabla hujarudi kusahihisha vituo vya barua hii. Mwambie naja na mkono mtupu, bila koti, na kwamba pale kwenye jibini nitajinunulia chai mwenyewe.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali. Uzito wa mizigo nilikuwa nao, chakula halali, kiti cha kando ya njia kwa ajili ya goti langu, maana goti hilo ni la ukoo. Yule dada akaandika yote, kisha bila kuinua macho akaniuliza kitu kidogo tu: kwenda na kurudi, au kwenda tu?

Kaka, nilimwomba arudie swali. Nyuma yangu kulikuwa na mtu na watoto wawili, wakaanza kunung'unika. Hapa nina chumba, nina pensheni iliyobakiza miaka mitano, nina wazee ambao nikiondoka wataonja mchuzi wa kweli wa serikali. Huko nina mtu anayekula ndizi mbili. Nilimwambia nitampa jibu Jumatatu, nikatoka nje, nikakaa kwenye gari bila kuliwasha.

Tafadhali usinipigie hesabu. Na Dada usimwulize anaonaje, maana atajibu. Kuja nakuja; nikishaamua kama ni kwenda na kurudi au kwenda tu, nitakuandikia.

Mdogo wenu,
Kulthum